Pombe imeninyang'anya unyumba

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 43, ni fundi wa magari hapa Morogoro, nina mke na watoto watatu. Kwa miaka tisa sasa, nikishafunga gereji jioni hupitia baa, na siondoki kabla ya chupa sita za bia. Tangu mwaka jana jogoo hapandi mtungi. Hamu ninayo, lakini uume unalegea hata kabla hatujaanza, na mke wangu anaamini nina nyumba ndogo. Nimekunywa supu ya pweza, nimelamba vumbi la Kongo; lilinisaidia mara mbili tu. Je, pombe inahusika? Nikiacha leo, nguvu zitarudi? Asubuhi mikono hunitetemeka, mpaka nizimue ndipo niweze kushika spana.

JIBU: Marahaba. Sentensi uliyoiweka mwisho ndiyo iliyonishtua zaidi, kwa hiyo nitaanza nayo. Mikono inayotetemeka asubuhi na kutulia ukishazimua inaonyesha kwamba mwili wako umeshindwa kukaa bila pombe, na mtu aliyefikia hapo akiikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, hali ambayo huweza kuua. Kuacha ni lazima, ila si kwa ghafla wala si peke yako. Nenda hospitali ya mkoa, uwaeleze kiasi unachokunywa bila kukipunguza, ili upewe dawa za kuutuliza mwili pamoja na vitamini B1 huku ukiangaliwa.

Ndiyo, pombe inahusika. Chupa sita za nusu lita, zenye kilevi cha asilimia 5, zina takriban gramu 120 za alkoholi halisi, nawe unazinywa kila siku. Uume husimama pale mishipa ya fahamu inapopeleka ujumbe, mishipa ya damu ikatanuka, na damu ikajaa na kuzuiliwa humo. Pombe ya jioni ile ile huudhoofisha ujumbe huo, ndiyo maana hata bwana harusi kijana akizidisha hulala kama gogo. Ya miaka tisa huenda mbali zaidi: huharibu mishipa ya fahamu yenyewe (je, nyayo zako hazifi ganzi au kuwaka moto usiku?), hupunguza testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa kwenye korodani, na ini likichoka, homoni za kike huzidi kiasi kwamba matiti ya mwanamume huweza kuvimba.

Hata hivyo, usiitwishe pombe mzigo wote kabla ya kupimwa sukari, shinikizo la damu, mafuta kwenye damu na ini. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo kulegea kwa uume kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa.

Wengi walioacha kabisa huona nafuu ndani ya miezi michache, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kuamka alfajiri uume ukiwa umesimama. Siwezi kukuahidi kila kitu, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyoharibika sana au korodani zilizosinyaa huenda zisirudi kama zamani. Mkeo nenda naye kliniki. Maelezo ya daktari kuhusu nyumba ndogo isiyokuwepo yatamwingia kuliko viapo vyako.

Supu ya pweza ni chakula kizuri, endelea nayo ukipenda. Vumbi ndilo liache. Dawa za namna hiyo zimewahi kupimwa maabara katika nchi mbalimbali zikakutwa zimechanganywa na sildenafili (dawa ya kusimamisha uume, ndiyo iliyomo kwenye Viagra) bila kutajwa, na huenda ndiyo siri ya zile mara mbili. Sildenafili pamoja na pombe hushusha presha, na kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kumwangusha asiamke. Kama limebaki kidogo, lichukue na pakiti yake umwonyeshe daktari.