Maji ya bwawa la kuogelea la watoto hayamwagwi kila wiki

Dada, umeuliza kama maji ya bwawa la kuogelea la watoto yamwagwe kila wiki. Hapana, usiyamwage. Bwawa la duara la upana wa mita 3 likijazwa kina cha sentimita 60 linabeba lita 4,200 hivi, na kwa Dodoma hayo si maji ya kuchezea. Pampu yenye chujio ikifanya kazi kila siku na klorini ikikaa kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, maji yanadumu miezi.

Yanayogeuka kijani ndani ya siku chache mara nyingi yameishiwa klorini, maana jua letu huiharibu haraka. Kwa hiyo weka jioni, watoto wakishatoka. Klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 13 tu zinatosha kupandisha miligramu 2 kwa lita kwenye bwawa hilo. Koroga kwanza kwenye ndoo: unga ndio unaingia kwenye maji, kamwe usimwagie maji juu ya unga. Asubuhi pima kwa vijikaratasi vya kupimia kabla mtu hajaingia. pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji, iwe 7.2 hadi 7.8.

Ila maji ya visima huku mengi yana chumvi. Yakipungua kwa jua ukawa unaongezea tu, chumvi inabaki na kujikusanya, utaona ukoko mweupe pembeni. Hapo punguza sehemu, ujaze mapya.

Na tafadhali, ngazi iondolewe kila mkimaliza kuogelea. Mtoto mdogo anazama kimyakimya, hata kwenye kina hicho.