Chumvi kwanza, mbegu baadaye: kwa anayetaka kulima mpunga delta ya Rufiji

Kijana mmoja aliyekodi shamba katika delta ya Rufiji ameniandikia akiuliza anunue mbegu gani ya mpunga. Nimemjibu kwamba kabla ya mbegu aijue chumvi, na kwa kuwa najua wengi wenu mnataka kulima huku, naona jibu hilo liwafikie nyote.

Tumezoea kuyaogopa maji yanayoshuka kutoka bara, kama mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoumiza Rufiji na Kibiti. Siku hizi hofu yangu kubwa ni ya upande wa pili. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kasi inaongezeka. Katika ardhi iliyo chini kama yetu, mvua ikichelewa na mto ukapungua nguvu, maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita siku nyingine, hupanda na mfereji hadi ndani ya majaruba.

Nilipoanza kupima maji na kufuata mwezi kabla ya kupandikiza, mtaalamu mmoja alinikatiza mbele ya kikao akisema mkulima hana haja na vipimo. Maneno yale bado yananiuma. Msimu huu nimevuna mpunga uliojaa, ilhali ng'ambo ya mfereji wenzangu wamevuna mapepe: masuke meupe yaliyosimama wima kwa wepesi, ambayo ukiibonyeza punje yake kwa kidole gumba na cha shahada, inabonyea bila kitu ndani.

Jambo linalowaponza wengi ni kwamba mbegu ya mpunga huota vizuri hata penye chumvi kiasi, na mkulima akaridhika. Mpunga hushindwa baadaye, mche ukiwa mchanga na tena wakati wa kutoa maua, na mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo ikipita desisiemensi 3 kwa mita, kipimo kinachoonyesha wingi wa chumvi kwa jinsi umeme unavyopita. Kwa hiyo pimeni. Wekeni kitalu mahali palipoinuka, penye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mpandikize miche iliyofikisha takriban mwezi mmoja, baada ya mvua kuliosha jaruba. Maji hayo ya kuoshea yatoeni bahari inapokupwa, kisha zibeni tuta kabla ya bamvua, ambayo huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Na pimeni tena, kwa sababu maji ya jana si ya leo.

Mikoko msiiguse. Ni hifadhi ya msitu kisheria, na anayeifyeka ili apate jaruba jipya hupata misimu michache mizuri, kisha magugu na chumvi humfukuza, naye akafyeke kwingine. Tukiendelea hivyo tunaibomolea bahari ukuta kwa mikono yetu wenyewe, halafu tunalalamika kwamba imeingia.

Kijana wangu, kama mfereji wako bado una chumvi baada ya mvua za kwanza, iache miche kitaluni hadi mvua inyeshe tena, hata majirani wakiwa wameshamaliza kupandikiza.