Maswali ya Wasomaji: Wake wa Mfalme, Midomo Isiyolingana na Twiga wa Malindi

Mhariri, salaam. Mimi na wifi yangu hatusikizani. Kwenye tamthilia ya Kichina Story of Yanxi Palace tulimpenda Wei Yingluo. Sasa tumeingia Ruyi's Royal Love in the Palace, na yule Wei aliyetoka ujakazini ndiye nyoka. Wifi asema ni watu mbalimbali, mimi nasema ni mmoja. Na vile vyeo vyao vinatutatiza. – Msomaji, Langoni, Lamu

Haki yako, ingawa wifi naye hakupotea mbali. Tamthilia zote mbili zilitoka 2018, na zote zimo ndani ya kasri la Qianlong, mfalme wa China wa ukoo wa Qing, aliyetawala kuanzia 1735 hadi 1796. Wei Yingluo wa huku na Wei Yanwan wa kule wamechongwa kutokana na mke mmoja wa kweli, mama wa mfalme Jiaqing. Kinyume chake kipo pia: Ruyi mnayemlilia sasa ndiye yule malkia wa pili aliyewachukiza kwenye Yanxi. Kila mwandishi amechagua wa kumtetea.

Vyeo sasa. Juu kabisa ni huanghou, malkia, mmoja tu. Chini yake huang guifei mmoja, guifei wawili, fei wanne, pin sita. Wanaofuata ni guiren, changzai na daying, ambao hawana idadi. Mstari wa kuangalia ni pin: akifika hapo mwanamke huwa bibi wa jumba lake, kabla ya hapo anakaa chumba cha pembeni kwa mwenziwe. Na kwa kuwa nafasi za juu zinahesabika, zikijaa hapandi mtu mpaka mwingine ashushwe, augue au afe. Fitina zote mnazoziona zinatoka kwenye hesabu hiyo.

Kinachowapoteza wengi ni majina. Katika "Ling fei", aitwavyo Wei huyo, Ling si jina lake la kuzaliwa. Ni lakabu aliyopewa na mfalme, na fei ni cheo. Akipanda ataitwa Ling guifei, na mtazamaji aliyesinzia atadhani kaletwa mke mpya. Shikeni neno la kwanza, la pili litabadilika. (Msiwaite masuria. Suria kwetu ni mjakazi, na hawa ni wake wa daraja.)

Ushauri wetu: Yanxi ina sehemu 70 na inakwenda mbio. Ruyi ina 87, na kwa dakika 45 hivi kila sehemu ni kama saa 65. Mavazi yake ni mazuri kupita ya Yanxi, lakini katikati inakokota miguu. Mbili kwa usiku zatosha.

Wanaongea Kichina, sisi twasoma maandishi ya chini, na bado midomo haiendi na sauti. King'amuzi kimeharibika? – Mtazamaji, Malindi

Hamishia taarifa ya habari. Midomo ya msomaji ikilingana na sauti, king'amuzi ni kizima. Tamthilia nyingi za mavazi ya kale huingizwa sauti baadaye studioni, mara nyingi na waigizaji wengine kabisa. Kwenye viwanja vya kupigia picha kama Hengdian, mkoani Zhejiang, vikundi kadhaa hufanya kazi jirani kwa kelele. Waigizaji nao huja na lafudhi za kwao, na kuna maneno ya mswada hubadilishwa picha zikiwa zimeshapigwa.

Kwenye zile za miungu na mapepo hutajwa mnyama aitwaye qilin. Nimesikia ana uhusiano na Malindi. Ni kweli? – Mwanafunzi, Shela

Kweli. Mwaka 1415, zama za safari za baharia wa China Zheng He, twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa ukoo wa Ming, na watu wa kasri wakamwita qilin, mnyama wa heri anayejitokeza mtawala akiwa mwema. Lakini usimtafute twiga kwenye skrini. Qilin wa tamthilia ana magamba, pembe na kwato, na mara nyingine anatoa moto. Na akitokea twiga mwenyewe, tazama nywele za wanaompokea. Wanaume wa Ming walifuga nywele wakafunga kishungi utosini. Kunyoa kipaji na kusuka mkia mgongoni kulilazimishwa na Qing, walioingia Beijing 1644. Ukiona twiga wetu anapokewa na mwenye mkia, mtayarishaji kakosea kwa zaidi ya miaka 200.