Nyoka wenye sumu njiani

SWALI: Mhariri, mimi na wenzangu hupenda kupanda milima kwa miguu. Juzi tulimkuta nyoka amejikunja njiani, na mwenzetu mmoja akataka kumsukuma kwa fimbo. Je, tulipaswa kufanya nini?

JIBU: Simameni, kisha rudini nyuma taratibu mita kadhaa, mkimwachia njia, kwani watu wengi huumwa wanapomchokoza nyoka au kujaribu kumwua. Msitegemee kwamba atakimbia akihisi vishindo vyenu. Kifutu, kwa mfano, hutulia tuli akitegemea rangi yake imfiche. Kwa hiyo vaeni buti zinazofunika vifundo vya miguu, wala msivuke gogo au kutia mkono penye mawe kabla ya kutazama.

Mtu akiumwa, nawasihi sana: msichanje jeraha, msinyonye sumu, wala msifunge kamba ya kubana damu. Mvueni pete na viatu kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kitulizwe kwa gango, yaani kijiti au ubao unaofungwa ili kisisogee, naye abebwe bila kukawia hadi hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, hata kama hasikii maumivu, kwa sababu sumu ya baadhi ya nyoka hupoozesha misuli ya kupumua pasipo maumivu makali.