Muulize Shangazi: Jioni ya Kigiriki

SWALI: Shangazi, mwezi ujao namfuata mwanangu Athens, Ugiriki. Ameahidi kunipeleka kwenye mgahawa mdogo wa mtaani kwake. Nisije nikamwaibisha! – Mama Salma, Tanga

JIBU: Mama Salma, kule chakula cha jioni ni saa tatu, hata saa nne usiku, kwa hiyo onja kitu mapema. Visahani huwekwa katikati, kila mtu anachovya mkate, kama sisi kwenye sinia. Anzeni na tzatziki: mtindi mzito, tango na kitunguu saumu. Saladi yao ya kijijini haina majani; ni nyanya, tango, zeituni na kipande cha jibini ya feta juu. Pweza wa kuchoma unamjua, ila huyu hapakwi pilipili, ni limau na mafuta ya zeituni. Mishikaki ulizia, mara nyingi ni nguruwe.

Samaki huuzwa kwa kilo. Wampime mbele yenu kabla hajaingia jikoni! Mimi niliona haya kuuliza. Bili ilipokuja nikaitafuta miwani mara mbili. Mkate nao hulipiwa. Lakini wakikuletea tunda ambalo hukuagiza, kula, kwa kawaida ni takrima ya mwenye mgahawa.