Maswali na Majibu: Seva imegoma kuwaka, hesabu za korosho zimo ndani

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Chama chetu cha msingi hapa Masasi kina seva ya Debian yenye diski mbili za terabaiti 1 kila moja, zimeunganishwa kwa RAID 1 ya programu (kila diski ina nakala ya mwenzake). Jana jioni nilipiga `apt upgrade`, nikaiwasha upya. Ikaandika "ALERT! UUID=… does not exist. Dropping to a shell!" na kubaki kwenye "initramfs". Mnada ni wiki hii na hesabu za wakulima zote zimo humo. Fundi ananishauri tuunde RAID upya. Tufanyeje? – *Msomaji, Masasi*

JIBU: Kwanza, fundi huyo aweke mikono mfukoni. `mdadm` ndiyo programu inayosimamia RAID kwenye Linux, na `mdadm --create` huandika vichwa vipya juu ya diski zenye data. Ikikosewa metadata (maelezo ya RAID yaliyomo kwenye vichwa hivyo) au patisheni, hapo ndipo hesabu zitapotea kweli. Kwa dalili ulizotaja, data yako huenda iko salama salimini.

Keneli, yaani kiini cha mfumo, ikiamka haiwezi kufungua RAID yako peke yake. Husaidiwa kwanza na initramfs, furushi dogo la faili lililoko `/boot`, lenye programu ya mdadm na nakala ya `/etc/mdadm/mdadm.conf`. Furushi hilo ndilo linaloziunga diski. Keneli mpya ikija, au mdadm ikisasishwa, furushi hutengenezwa upya kwa kunakili mdadm.conf kama ilivyo. Ikiwa humo kuna UUID (kitambulisho cha RAID) ya zamani, au RAID iliundwa baadaye na hakuna aliyeiandika, kosa lililolala miaka mingi huamka siku hiyo, na lawama zote huangukia usasishaji.

Hapo ulipokwama andika `cat /proc/mdstat`. Ukikuta md (jina la RAID ndani ya Linux, mfano md0) ni "active", diski zilichelewa tu kuamka: andika `exit`, itaendelea kuwaka. Baadaye ongeza `rootdelay=15` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha `update-grub`.

Ikiwa hakuna md yoyote, piga `modprobe raid1`. Ikijibu kwamba moduli haipo, furushi lilitengenezwa vibaya. Washa upya, ingia "Advanced options" kwenye menyu ya GRUB (programu inayoanzisha mfumo), uchague keneli ya awali. `modprobe` ikikubali bila kulalamika, endelea:

`mdadm --examine --scan > /etc/mdadm/mdadm.conf`
`mdadm --assemble --scan`
`exit`

Usiogope alama hiyo ya `>`: hapo unaandika kwenye kumbukumbu ya RAM tu, ukizima inafutika.

Ukiona "inactive" na diski moja pekee, nyingine imepotea njiani. Usikimbilie kuwasha. Tazama kila diski inayoonekana kwa `mdadm --examine` kwenye patisheni yake, ulinganishe namba ya Events (hesabu ya mabadiliko yaliyoandikwa): yenye namba kubwa ndiyo mpya. Ukiwasha kwa diski iliyoachwa nyuma tangu mwezi uliopita, utafungua hesabu za mwezi uliopita. Ukiridhika, `mdadm --run /dev/md127` (au jina unaloliona), kisha `exit`.

Seva ikishawaka, chukua nakala ya hesabu kwenye diski ya nje kabla ya jambo lolote. Kisha tibu chanzo. Fungua mdadm.conf, futa mistari yote inayoanza na ARRAY, uweke ile inayotolewa na `mdadm --detail --scan`. Angalia `df -h /boot`. Ikiwa imejaa, `apt autoremove --purge` huondoa keneli kuukuu. Kujaa huku ni chanzo cha pili cha tatizo lako, na watu wengi hukipita: furushi jipya hukosa nafasi, apt hutoa onyo, onyo linapita juu ya skrini bila kusomwa. Malizia kwa `update-initramfs -u -k all`. Ikisema "defines no arrays", bado hujamaliza. Rudi kwenye mdadm.conf.

Diski iliyotoka irudishe kwa `mdadm /dev/md0 --add /dev/sdb2` (weka majina yako), lakini baada ya `smartctl -a` kuonyesha kwamba ni nzima na waya wa SATA umekaa sawasawa. Usiwashe upya hadi mdstat ionyeshe `[UU]`, yaani diski zote mbili ziko kazini.

SWALI: Diski ya kwanza ilikufa, nikaitoa. RAID 1 si ndiyo kazi yake? Mbona ya pili haiwaki kabisa, hata menyu haitokei? – *Msomaji, Lindi mjini*

JIBU: RAID hunakili patisheni zilizomo ndani yake, GRUB ya mwanzo wa diski haimo. Iliwekwa kwenye diski ya kwanza tu, nawe umeitoa. Washa kwa flashi ya Debian yenye hali ya uokoaji, ikuulize mfumo ulipo, uchague md yako, kisha ndani yake `grub-install /dev/sda` (hakikisha jina kwa `lsblk`). Ukiweka diski mpya, piga `dpkg-reconfigure grub-pc` na uzitie alama zote mbili. Kwa mashine ya UEFI (mtindo mpya wa kuwasha kompyuta) njia ni nyingine: patisheni ya EFI haimo kwenye RAID, hivyo diski ya pili inahitaji yake, uinakili faili na kuisajili kwa `efibootmgr`.