Gita Lisilo na Kichwa: Anza Kulipimia Darajani

Gita la umeme la safari, lile fupi lisilo na kichwa, wengi hulinunua kwa macho. Mtu anaona halizidi sana sentimita 80, ilhali la kawaida hukaribia mita nzima, anajiwazia ndani ya matatu ya Kisumu–Nakuru likiwa limesimama katikati ya magoti, na pesa zinatoka mfukoni. Ufupi huo ni wa kweli, lakini hauelezi chochote kuhusu gita lenyewe. Habari zote ziko sehemu mbili: kwenye daraja, yaani chuma kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gita, ambako vifundo vya kutyuni vimehamishiwa, na kwenye kile kipande cha chuma kinachobana nyuzi mwisho wa shingo.

Swali la kwanza kwa muuzaji: linatumia nyuzi gani? Ned Steinberger alipoutangaza muundo huu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulitaka nyuzi zenye kipete, kile kijiduara cha chuma cha kunasia uzi, pande zote mbili. Nyuzi hizo bado zinatengenezwa, ila jaribu kuziulizia madukani Kisumu au Kakamega uone utakavyotazamwa. Uzi wa kwanza ukikatika Ijumaa jioni na kesho kuna harusi Siaya, hakuna muda wa kuagiza. Chukua gita lenye skrubu sita za kubana nyuzi za kawaida. Lisilo nazo liache, hata likiwa la bei ya kutupa.

Kufunga uzi ndiko wengi wanakoharibu. Kipete kinakaa darajani, ncha tupu inapita shingoni. Kabla ya yote, legeza kifundo mpaka kishikio cha uzi kisogee mbele kabisa, upande wa shingo. Vuta ncha kwa koleo hadi uzi unyooke na kukaza, ndipo ukaze skrubu. Ukiruka hatua hiyo, kishikio kitafika mwisho wa njia yake, ambayo ni sentimita moja na kitu tu, na sauti bado iko chini. Hapo watu hulaumu gita. Uzi mnene ukunje pembe ya mraba nje ya skrubu kabla ya kuukata, la sivyo waya wa juu utafumuka na noti itakufa.

Halafu spana ya aleni, ile ya pembe sita ya kukazia skrubu zenye tundu. Skrubu nyingi ni za milimita, lakini spana zinazozagaa mitaani huchanganyika na za inchi. Ile ya 3/32 ina milimita 2.38. Itaingia kwenye tundu la 2.5, itazunguka mara mbili tatu, kisha tundu linaliwa na huna gita tena. Beba spana zako ndani ya mfuko wa gita, siku zote.

Ukiwa bado dukani, zungusha vifundo vyote sita kwa vidole. Kigumu kidogo si kosa, kwani kinavuta uzi moja kwa moja. Kinachokwama na kuruka ndicho kibaya: utatafuta noti ya E na kuipita kila mara. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mitaro ya skrubu ya kifundo husaidia. Grisi hapana, itakusanya vumbi la barabara yote ya Kisumu hadi Busia. Na kifundo chenye alama za koleo kinakuambia jinsi mwenye gita alivyolitunza.

Shingo ipime kwa karatasi. Bana uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti (vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo) ya kwanza na ya 17 kwa pamoja, kisha tazama freti ya saba: pengo la karatasi mbili au tatu za A4 linatosha, maana moja ni kama milimita 0.1. Freti ya 12, uzi ukiwa wazi, kadi mbili bapa za ATM zipite chini yake bila kuusukuma, yaani milimita 1.5 hivi. Ukirekebisha fimbo ya shingo, ile ya chuma iliyo ndani yake, robo mzunguko tu, kisha tyuni upya na upime tena.

Mpiga benga asikilize zaidi kuanzia freti ya 12 kwenda juu, kwa sababu solo inakaa huko. Piga kila freti, uzi wa kwanza na wa pili, bila kuongeza chochote kwenye amplifaya. Linganisha noti ya freti ya 12 na ile ya kengele, unapougusa uzi hapo hapo bila kuubana. Ya kubana ikiwa juu, sogeza tandiko la uzi, yaani kile kipande cha daraja ambacho uzi unalalia, nyuma, mbali na shingo. Kwenye madaraja mengi ya bei nafuu tandiko husukumwa kwa kidole baada ya kulegeza uzi, kwa hiyo ni kazi ya subira. Pikapu (si ile ya kubeba mkaa, bali sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) zikiwa za koili mbili, tafuta swichi ya kuzima moja, maana benga inataka sauti nyembamba inayong'aa.

Ukikaa, kiwiliwili kidogo huteleza pajani. Vaa mkanda hata ukiwa kwenye kiti, au mwombe fundi wa mbao pale soko la Kibuye, Kisumu, akuchongee kipande cha kuegemea mguu. Tyuna ya kubana kichwani haina pa kushika, nunua ya kuchomeka waya. Stendi iwe ya kubeba tumbo. Na ndege ya Kisumu–Nairobi? Mashirika mengi huishia sentimita 55 kwa mzigo wa mkononi. Piga simu kabla ya kulipa tiketi.